Difu ya Rangi Nne Iliyopanda Goba

Juzi kijana mmoja wa hapa mtaani kwetu Tandika alinikuta nje ninachambua mchele. Akaniamkia vizuri, nikamwitikia, kisha akanisogezea simu puani. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya ekseli ya nyuma ya guta, ya mtumba, imeoshwa na kupakwa mafuta mpaka inang'aa.

"Bi Zena, icheki hii. Nzima au ina ishu?"

"Igeuze niione chini," nikamwambia.

Akaigeuza. Wallahi aliigeuza simu, akanionyesha mgongo wake! Nilicheka mpaka ungo ukaniponyoka, tukashinda tunaokota mchele pamoja, yeye akinuna na mimi nikimwambia kuwa alichokuwa akitaka kununua ni picha. Ndiyo maana nimeona niandike. Nyie vijana mnaoshika spana siku hizi ni wepesi wa mikono na wepesi wa kutuma hela, na hilo la pili linanikera.

Mimi kazi yangu ilikuwa kugeuza pikipiki kuwa maguta. Kwa asiyejua, unatoa gurudumu la nyuma, unaweka ekseli pana yenye tairi huku na huku. Katikati ya ekseli kuna difu, lile bonge la chuma lenye gia ndani linalogawa nguvu ya injini kwa tairi zote mbili. Kuna breki zake, kuna fremu ya kuungia, na juu unaweka bodi ya kubebea mzigo. Vyote kwa pamoja tunaviita seti. Seti mpya mtu yeyote anaweza kuichagua, hata aliyefumba macho. Seti ya mtumba ndiyo inayotaka mtu, na mimi nilikuwa mtu. Sijisifu, ulizeni kuanzia Temeke mpaka Mbezi Beach. Basi, najisifu.

Aliyenifundisha ni Mzee Kondo, Mungu amrehemu. Alinichukua gereji kwake nikiwa binti mdogo, navaa suruali ya kaka yangu chini ya kanga, na hakunichukua kwa sababu ya akili. Alisema mbele za watu kwamba kanichukua kwa sababu nina mikono midogo inayoingia mahali ambapo ya kwake haiingii. Nilikasirika siku mbili. Baadaye nikagundua kuwa fundi mwenye mikono midogo anajua mambo mengi ambayo wenzake wanayakisia tu.

Alikuwa na namna yake ya kununua. Akifika dukani haangalii mali kabisa. Anaomba kiti, anaagiza kahawa, anauliza habari za watoto. Mimi kazi yangu ilikuwa kujifanya mpwa wake niliyechoka kusubiri, nazungukazunguka, nashikashika vyuma kwa ujinga ujinga. Muuzaji anamchunga mzee, mimi hanioni. Tukitoka nje ndipo ninamweleza: ile ya pembeni ina mchezo kwenye gia, ile iliyoegeshwa ukutani beringi zake zinasaga. Mzee anarudi ndani, anaionyesha kwa kidole iliyo nzima, kama vile kaoteshwa.

Siku aliyoninyima kazi hiyo, kwa kuwa nilichelewa, alinunua ekseli nzuri ya kutazama, nyeusi tii. Tukaifunga, mteja akapakia matofali. Ilikatika Sinza mbele ya baa, mchana kweupe. Walevi wakatoka na viti vyao wakatukalisha, wakatupa pole, wakayapanga yale matofali pembeni vizuri kuliko tulivyokuwa tumeyapanga sisi. Kumbe ekseli ilikuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa bodi fila, lile dongo la mafundi wa bodi za magari, halafu ikapakwa rangi. Kuanzia siku hiyo nilitembea na sumaku mfukoni. Sumaku inang'ang'ania chuma, lakini kwenye bodi fila inadondoka. Ipitisheni polepole kila mahali, na muuzaji akikuuliza unafanya nini, mwambie unatafuta pini yako ya hijabu.

Mengine ni haya, nitayasema haraka maana mnapenda mambo ya haraka. Shika sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, isizunguke, kisha zungusha tairi moja kwa mkono. Ya upande wa pili ikizunguka kinyume, difu ipo hai. Tikisa sproketi mbele na nyuma. Ikicheza sana kabla ya gia kushikana, ilishachoka. Fungua oili, chovya kidole, sugua. Ukiona vimetameta kama chenga za dhahabu, gia zinajila zenyewe. Ukiona nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Na inuse. Oili iliyoungua ina harufu chungu ambayo ukiisikia mara moja huisahau, ila simu yako haitakuletea.

Halafu kuna rangi, na hapa nataka mtulie.

Pale kwenye uwanja wa spea za mtumba kila duka lina rangi yake. Mmoja nyekundu, jirani yake njano, wa mbele yake kijani. Ukinunua kitu wanakidondoshea tone la rangi kabla hakijatoka, ili ukirudi na malalamiko muuzaji ajue kwamba hii ni mali yake kweli, hukumletea chuma chako kibovu cha nyumbani. Ni utaratibu mzuri na umezuia ngumi nyingi. Sasa, chuma kikirudishwa, muuzaji anaona nuksi, anambadilishia jirani kwa kitu kingine. Jirani akikiuza anaweka rangi yake. Kikirudi tena, kinahamia kwa mwingine. Kwa hiyo ukijua kusoma rangi unajua chuma kimetolewa mara ngapi na kimerudi mara ngapi. Mzee Kondo alikuwa na sheria yake, na hakuivunja maisha yake yote: rangi moja nunua, mbili uliza, tatu aga uende zako. Na mimi sikuwahi kuivunja, mpaka alipokuja Fanuel.

Fanuel alikuwa dereva wa bodaboda kule Goba, kijana wa bara, mrefu, mpole wa kusema. Pikipiki yake haikuwa hizi za kawaida. Ilikuwa ile ndefu ya porini, yenye matairi ya meno, ambayo wazungu wanairusha kwenye matuta kwa kujifurahisha. Yeye aliinunua kwa ajili ya vilima vya Goba. Mvua ikinyesha na barabara kugeuka utelezi, wenzake wote wanaegesha, Fanuel peke yake anapanda. Watu walimjua kwa hilo. Kisha lori likamgonga, na mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti.

Alifika gereji kwangu Jumatatu asubuhi, kwa magongo, na mkewe Leticia nyuma yake amebeba mkoba.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai, mama. Nikikaa nitaonekana nimekuja kuomba." Akabaki amesimama. "Nataka pikipiki yangu iwe guta. Niliweka akiba kidogo, na hela ya seti ya mtumba ninayo. Ila ni hiyo hiyo, hakuna nyingine. Na iwe imepanda kilima kufika Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

Hapo Leticia akaingilia. "Kuna mnunuzi anakuja kuichukua. Nimemtafuta mie. Mama, sina ubaya na pikipiki, ila nilishamuona mume wangu kalala barabarani mara moja. Inatosha. Tuiuze, turudi kwao Singida, akae na wazazi wake apumzike."

"Apumzike na nini?" nikauliza, maana sikuweza kujizuia. "Ana umri gani huyu?"

Fanuel ndiye aliyejibu, akiangalia chini. "Wale wenzangu wa kijiweni ni watu wazuri sana. Walichanga, wakanilipia hospitali. Lakini kila wakinipita, pole. Asubuhi pole kaka, jioni pole kaka. Wakiniona wanashusha sauti. Bi Zena, mie nimechoka kupewa pole. Nikienda Singida nitapewa pole mpaka nife."

Mimi si mtu wa machozi ya karibu, lakini hapo niligeuka nikajifanya natafuta spana. Nikamwambia Leticia, "Niachie mpaka Jumamosi. Isipopanda, nitakusaidia mwenyewe kuipakia kwenye gari la huyo mnunuzi." Akasema sawa, lakini sawa yake ilikuwa nzito.

Kesho yake tukaenda uwanjani, mimi na Fanuel. Tulianzia kwa Mangi, Mchaga mmoja mcheshi ambaye nilikuwa nikigombana naye tangu nywele zake ziko kichwani. Siku hiyo alikuwa ameshusha kontena kutoka nchi za baridi, na pale mlangoni kulikuwa na kioja. Ubao mrefu wa plastiki, ncha imepinda juu kama mtumbwi, na nyuma yake mkanda mpana wa mpira wenye meno, umezungushwa kwenye fremu ya aluminiamu.

"Hii nini, Mangi?"

"Ya kulimia mpunga hiyo, bi mkubwa. Inaelea kwenye matope. Nakuuzia kabla haijaenda Morogoro."

Mimi sina adabu mbele ya chuma nisichokijua. Nikainama, nikaangalia inavyofungwa, nikaona mashimo yake yanaingia pale pale pikipiki inaposhika mkono wa gurudumu la nyuma. Fanuel akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. "Mama, hii nimeiona kwenye simu. Watu wa Ulaya wanaipachika kwenye pikipiki kama yangu, wanapita juu ya theluji. Ubao unakaa mbele badala ya tairi, mkanda unakaa nyuma."

"Mangi," nikasema, "Dar es Salaam barafu tunauziana kwenye vifuko, tena inayeyuka kabla hujafika nyumbani."

Lakini niliikagua hata hivyo, kwa kuwa mtumba ni mtumba, uwe wa theluji au wa vumbi. Mkanda ulikuwa umekatika meno upande mmoja, beringi za fremu zilikuwa zinalia. Huko huko Ulaya kuna mtu alitaka kumuuzia mwenzake mbuzi kwenye gunia, ikashindikana, ndipo ikaletwa kwetu. Nilimwambia Mangi hivyo, akasema nina roho mbaya.

Tukaingia kwenye ekseli. Ya kwanza, sumaku ikadondoka. Ya pili, oili kama chai ya maziwa. Tukazunguka maduka yote ya ule uwanja mpaka Fanuel akaanza kuegemea kuta, na kila nilipotikisa kulikuwa na mchezo au ufa. Tukarudi kwa Mangi. Ndipo nikaiona nyingine kwenye kona, nyuma ya mapipa, Mangi ameweka juu yake kikombe cha chai.

Ilikuwa na rangi nne. Nyekundu, njano, kijani, na nyekundu tena juu yake, zimerundikana mahali pamoja, juu kabisa ya difu, kama nta ya mishumaa.

"Hiyo achana nayo," Mangi mwenyewe akaniambia. "Inavuja. Kila anayeichukua, siku mbili inarudi imelowa oili. Nimeibadilishia sili zote mbili, jirani naye akabadilisha. Inavuja tu. Ina pepo."

Nikaondoa kikombe. Nikashika sproketi, nikazungusha tairi: kinyume, laini. Nikatikisa: gia zimeshikana kama mpya. Nikachovya oili: safi, haina harufu, haina chenga. Nikapitisha sumaku kila mahali, haikudondoka hata mara moja. Nilikuwa nimeshika difu nzima kuliko zote nilizoshika mwaka ule, na imekataliwa na uwanja mzima.

Nikakaa juu ya pipa. Fanuel akauliza kama nimechoka, nikamwambia anyamaze. Nilikuwa najiuliza kitu kimoja tu. Sili ni ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale mhimili unapotokea nje. Sili mpya, halafu mpya tena, halafu bado inavuja. Kwa hiyo tatizo si sili. Kuna kitu kinaisukuma oili kutoka ndani. Na ni nini kinasukuma? Difu ikifanya kazi inapata joto, hewa iliyo ndani inavimba, inatafuta pa kutokea. Kila difu ina tundu dogo la kupumulia, na tundu hilo huwa juu. Nikaangalia juu ya ile difu. Sikuona tundu. Niliona rangi.

Nikachukua msumari, nikaanza kukwangua. Nyekundu ikatoka, kijani ikatoka, njano ikatoka, nyekundu ya kwanza ikatoka, na chini yake kikatokea kijibomba kidogo cha chuma chenye tundu, si kikubwa kuliko punje ya hindi. Nikakipuliza kwa mdomo. Hewa haikupita. Nikaomba petroli kidogo, nikakiloweka, nikakichokonoa kwa waya mwembamba, nikapuliza tena mpaka macho yakanitoka. Fyuu! Hewa ikapita.

Mnaelewa kilichotokea? Muuzaji wa kwanza alitafuta mahali panapoonekana vizuri akaweka tone lake, na panapoonekana vizuri ni juu, palipo na tundu. Difu ikazibwa pumzi, ikavuja, ikarudi. Wa pili akaweka rangi yake juu ya rangi. Kila iliporudishwa kwa sababu inavuja, wauzaji waliizidishia sababu ya kuvuja. Ule utaratibu mzuri unaozuia ngumi ndio uliokuwa unaiua.

Lakini hiyo ilikuwa kichwani kwangu tu. Pale uwanjani hakuna kilima wala mzigo wa kuipasha joto ili nijue kwa hakika. Na Mangi aliponiona nimeing'ang'ania, akasimama mbele yangu akiwa amekunja uso.

"Bi Zena, nakuheshimu. Nakuuzia, ila hii hairudi. Nimechoka kuonana nayo. Ikitoka hapo mlangoni hatujuani."

Nikamgeukia Fanuel, nikamweleza yote, pamoja na sheria ya Mzee Kondo. Nikamwambia kwamba kwa rangi nne mwalimu wangu angekuwa ameshafika nyumbani kwake anakula. Hela ni yake, na ni hiyo hiyo.

"Wewe unaonaje?" akauliza.

"Naona ni nzima."

"Basi chukua."

Mangi akapokea hela, akachukua kopo la rangi na kijiti, na kwa mazoea tu akaupeleka mkono juu ya difu.

"Usipake hapo!" Nilipiga ukelele mpaka mtu wa duka la tatu akatoka nje. "Paka kwenye dramu ya breki! Paka kwenye tairi! Nipake mimi usoni, lakini hapo usiguse!"

Alipaka kwenye dramu. Siku hizi ule uwanja wote wanapaka kwenye dramu, na vijana wanaouza pale wanadhani imekuwa hivyo siku zote.

Tulifunga kuanzia Jumatano. Mafundi wenzangu walikuja kunitazama wakijua nimenunua nini, na utani wao mnaujua. "Bi Zena kaleta upinde wa mvua." "Bi Zena, ikivuja tutakaangia mihogo." Niliwaacha. Nilivuta uzi kutoka sproketi ya mbele mpaka ya nyuma kuhakikisha cheni itakwenda moja kwa moja, maana cheni ikienda upande inakula meno na inakatikia kilimani. Nikaweka sproketi kubwa nyuma, guta lipoteze mbio lipate nguvu. Kuhusu gia ilibidi nifikiri, kwa sababu zinabadilishwa kwa mguu wa kushoto. Nikazitolea fimbo, nikaivusha chini ya tangi mpaka upande wa kulia, aishike kwa mkono ule ule wa mafuta. Ukibadili gia mafuta unaachia, kwa hiyo mkono huo una nafasi. Breki ya mguu wa kulia ikabaki palepale. Fanuel alifanya mazoezi uani kwangu Ijumaa nzima, na sikumsaidia kupanda wala kushuka, ingawa roho iliniuma.

Jumamosi tukakutana Goba, chini ya kile kilima kirefu chenye kokoto. Mnunuzi alikuwepo, amekuja na rafiki yake na kamba za kufungia. Leticia alikuwepo. Tulipakia magunia ya chakula cha kuku, ya mama mmoja mwenye duka kule juu aliyesema akiona yamefika atampa Fanuel kazi ya kila siku. Nilipomaliza kufunga mzigo, Leticia akakusanya gauni lake, akapanda juu ya magunia.

"Shuka, mke wangu," Fanuel akasema.

"Sishuki. Kama inapanda, inapanda na mie. Kama itarudi nyuma, turudi wote."

Fanuel angeweza kukataa. Akawasha.

Nilipanda bodaboda nikawafuata kwa nyuma, karibu kabisa, pua mbele, nikinusanusa kama kuna oili. Dereva wangu alidhani nina mafua. Guta lilianza kupanda kwa sauti nene, polepole, halilegei. Walipofika katikati, mahali pakali kuliko pote, gari la maji likatokea kwenye geti la nyumba moja likirudi kinyumenyume, likaziba njia nzima.

Fanuel akasimama.

Kusimama kilimani na mzigo si kazi. Kazi ni kuondoka tena. Nilimwona Leticia ameshika gunia kwa mikono miwili, midomo inamcheza, anasali. Difu ilikuwa imeshapata moto, hilo nilijua, na kama kuna oili ya kutoka ilikuwa itoke pale. Nilinusa. Vumbi, petroli, chakula cha kuku. Gari la maji likapita. Fanuel akaachia klachi kidogo kidogo, tairi zikarusha kokoto, guta likatetemeka kama linafikiri, halafu likaondoka! Likaondoka, nawaambia, likapanda hatua kwa hatua mpaka likakata kile kilima, na Leticia juu ya magunia akapiga kigelegele kilichotoa watu majumbani.

Juu kule sikungoja mtu. Nililala chini, na magoti yangu haya, nikaingiza mkono na kitambaa cheupe chini ya difu, nikafuta upande wa kushoto, upande wa kulia, nikafuta chini. Kitambaa kikatoka na vumbi. Oili hata tone! Nilitoka chini ya lile guta nikikipeperusha kama bendera, na sioni haya kusema kwamba nilicheza, mwanamke mzima, katikati ya barabara ya Goba. Mnunuzi alitutazama, akakunja kamba zake.

"Basi mie niende," akasema.

"Nenda, baba," Leticia akamjibu. "Samahani kwa usumbufu. Haiuzwi."

Tulishusha magunia dukani, kisha Fanuel akaelekea njia panda, kwenye kijiwe chao cha bodaboda na maguta. Leticia alikuwa bado kwenye bodi, mimi naendelea kufuata. Wenzake walipomwona anakuja, wengine walisimama, wakaanza kupiga makofi. Nilijua wanachotaka kusema baada ya makofi: pole kaka. Fanuel naye alijua; nilimwona amekaza shingo. Kwa haraka yake ya kumaliza hilo jambo akaenda kuegesha mbele kabisa, pale anapopakia mwenye zamu ya kwanza.

Mwenyekiti wa kijiwe, mzee mmoja mwenye koti la kuakisi mwanga lililochakaa, akanyanyuka kwenye benchi.

"We Fanuel! Una wazimu? Hawa wamekuja tangu alfajiri, wewe umetokea sasa hivi unajiweka mbele? Kuna foleni hapa! Toa guta lako, nenda nyuma kama wenzio!"

Makofi yakakatika. Wote wakamtazama mwenyekiti, kisha wakamtazama Fanuel. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane yule mzee, nikamwona Fanuel usoni, nikaufunga. Sijawahi kumwona mtu amefurahi vile.

"Foleni gani ndefu hivi?" Fanuel akamjibu kwa ukali. "Na huyu wa pikipiki nyekundu mbona kakaa vibaya, nitageuzia wapi?"

"Usituletee maneno! Nyuma!"

Leticia akashuka, akasema yeye hawezi kukaa foleni kwenye jua, akaenda zake nyumbani kupika. Fanuel akaligeuza guta huku akigombana na yule wa pikipiki nyekundu, akaenda kuegesha nyuma ya watu wote, akakaa kusubiri zamu yake.